Baba Yangu Kwenye Mwili wa Mtani

Vijana wa kikundi, mmeniomba mara tatu niwaandikie habari za kazi, na mara zote tatu nimejifanya nina shughuli. Sina shughuli. Tangu magoti yangu yalipokataa kupanda gari la kurekodia nakaa hapa Mafinga, nasikiliza mashine za mbao zikilia mtaa wa pili, na kubishana na mama yangu kuhusu sauti ya televisheni. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Ila nawaambia mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu, na sina mpango wa kuuficha. Anayetafuta mzee aliyepatana na kila mtu amekosea nyumba.

Ninyi mnaniita Baba Mkwe. Jina langu ni Lameki. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa baba mkwe mkorofi, mwenyekiti wa kijiji anayekula rushwa, mchungaji mwenye siri, babu anayekataa kugawa shamba, na mara mbili nimekuwa maiti. Picha yangu haijawahi kukaa kwenye kasha la filamu. Mimi ni yule anayeingia, anaharibu harusi, kisha anatoka. Mtazamaji ananichukia kwa dakika tano halafu anarudi kuwatazama wapenzi wake. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine, na inataka ufundi wake.

Nilianzia kanisani. Usharika wetu uliandaa igizo la Krismasi, nami nikapewa mwenye nyumba ya wageni, yule anayewafukuza Mariamu na Yusufu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua mzee anafukuzaje watu. Nikafanya jambo la karibu kuliko yote: nikamchukua baba yangu. Baba alichana mbao maisha yake yote. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa kubeba magogo, alikuwa na kikohozi kikavu cha vumbi la mbao, na kabla ya kuinuka kitini alilipiga goti kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayeliamsha. Nilipoingia na bega lile, kanisa zima liligeuka kulitazama benchi la wanaume alipokaa yeye. Watu walicheka mpaka mwinjilisti akasimama. Baba hakucheka.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akasema, "Yule mwenye nyumba ya wageni ana kikohozi kama changu."

"Ndiyo, baba."

"Akatibiwe."

Huo ndio uhakiki pekee niliowahi kuupata kutoka kwake. Nilipomwambia kwamba nakwenda Mbeya kujiunga na kikundi cha maigizo, aliuliza kama kuiga watu nayo ni kazi, halafu akarudi kwenye msumeno wake. Miaka ilipokwenda na filamu zetu zikaanza kuuzwa stendi, majirani walizileta pale nyumbani kuonyesha. Mara zote nilizokuwepo, baba alitoka nje kunoa misumeno. Nilisikia tupa ikikwaruza wakati mimi mwenyewe nikiwa kwenye kioo namfukuza binti wa watu. Nikahitimisha kwamba ananionea aibu.

Kule Mbeya aliyenipokea alikuwa Mama Atupele, Mnyakyusa, mwalimu mstaafu aliyetufundishia kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko. Asubuhi za mwezi wa sita tulifanya mazoezi tumevaa mablanketi. Mama Atupele hakupiga kelele. Alikaa na thermosi yake ya chai, akanitazama nikiinuka kitini, akatikisa kichwa.

"Wewe Lameki, mzee gani huyo anainuka kama kijana ameitwa na polisi? Mzee hainuki, baba. Mzee anajiinua. Rudia."

Nilirudia siku nzima. Jioni aliniambia jambo ambalo nawaachia ninyi kama lilivyo: ukipewa mtu mbaya, usiucheze ubaya wake, cheza haki anayoamini anayo. Baba mkwe anayedai ng'ombe sita anaamini kabisa kwamba amedhulumiwa. Nilipoanza kuamini hivyo, watu walianza kunichukia sawasawa.

Vifaa vyangu viliingia kwenye begi moja la turubai. Kofia tatu, ya kanisani, ya shambani na ya ofisini. Miwani isiyo na vioo, maana vioo vinarudisha mwanga wa taa na mpiga picha anakulaumu wewe. Bakora mbili, moja ya kutembelea na moja ya kutishia, na msizichanganye, ya kutishia lazima iwe nyepesi. Viatu pea moja, namba kubwa kuliko mguu wangu, kwa sababu ukivaa kiatu kinachokupwaya unatembea kizee bila kufikiri. Suti nilikuwa nayo moja ya sufu, nzuri kwa baridi ya Mbeya. Siku niliyoivaa Ruaha Mbuyuni, nikimcheza tajiri wa vitunguu katikati ya jua lile, nilizimia kabla ya muongozaji kusema tuanze. Waliniamsha kwa maji ya mfereji na kuendelea. Pale kijijini, nilivyoona, hakuna anayesifiwa kwa kulia mbele ya kamera. Vitunguu vimejaa kila mahali, na hata dereva wetu alikuwa analia.

Sasa nifike kwa Gaudensi, maana mnamngoja yeye.

Gaudensi alikuja kwenye kikundi wiki ileile niliyokuja mimi. Ni Mngoni, watu wake wa Songea, yeye amekulia Mwanjelwa, palepale Mbeya. Umri wetu mmoja, urefu mmoja, na kama mimi alianza kucheza wazee akiwa kijana. Tofauti ni kwamba yeye alipewa wazee wazuri. Mimi nilimfukuza binti, yeye akamwokota barabarani. Mimi nilikataa kulipa ada, yeye akauza ng'ombe wake wa mwisho. Mama Atupele alisema sura zetu ndizo zimeamua. Nilijitazama sana kwenye kioo mwaka ule nitafute hiyo sura iliyoamua, na sikuiona.

Kuna siku tulikuwa tunarekodi Igawa, kando ya barabara kuu. Nilikuwa nikimtoa mke wa mwanangu nyumbani na begi lake. Kamera ilikuwa mbali, ndani ya gari, ili sura ya barabara ionekane ya kweli. Ilionekana ya kweli kupita kiasi. Wanawake wanaouza ndizi na mahindi ya kuchoma kwa abiria waliweka chini masinia yao, wakanijia. "Baba mzima huna haya! Mtoto wa mwenzio huyu!" Nilipigwa kwa kanga, kwa ndizi, na kwa kitu kimoja kigumu ambacho sijakijua hadi leo. Nikapiga kelele kwamba ni muvi. Mmoja akasema, "Na hiyo muvi nayo haina haya!" Wakati huo Gaudensi akatokea upande wake wa barabara kama skripti ilivyotaka, akamshika binti mkono. Wale wanawake wakamshangilia. Mmoja akampa mahindi mawili bure. Alikula moja, akaniletea la pili, huku nikifutwa damu puani. Nililikataa. Nilikuwa na njaa sana.

Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyokumbuka maneno yake kwa kusoma mara moja. Nilimwonea wivu kwa jinsi Mama Atupele alivyommiminia chai kabla yangu, na nilihesabu ni mara ngapi. Ili asiniwahi mazoezini siku za Jumatatu, nilikuwa nikitoka nyumbani Mafinga, nilikokwenda kila Jumamosi, kwa basi la kwanza kabisa la kwenda Mbeya. Nilifika na kukaa kwenye kiti cha mbele kabla hajatokea. Yeye alikuja baadaye bila haraka, kwa basi lililofuata, maana Jumapili alilala kwa dada yake aliyeolewa Iringa, na akifika Mafinga alishuka kwetu kula.

Naam, kwetu. Mjue kwamba sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao na babu zetu walipigana, na wajukuu tukaachiwa kutukanana na kula kwenye vyungu vya wenzetu bila kuomba. Mtani hakaribishwi, anaingia. Gaudensi aliingia nyumbani kwa wazazi wangu saa mbili hivi baada ya mimi kuondoka, akala ugali wa mama, akamwambia baba kwamba Wahehe hawajui kupika, na baba, mtu asiyeongea, akamwongeza mboga. Mama alinisimulia haya Jumamosi nilipokuja. Alisimulia kwa furaha. Niliuliza walikuwa wanaongea nini muda wote huo, akasema, "Aa, maneno ya watani tu hayo." Nikaona kwamba hata baba yangu amempenda yeye.

Baba alifariki kwa kile kikohozi. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, nina mvi zangu mwenyewe, sihitaji tena kupakwa za unga.

Msiba ulijaa. Watu wa mashine za mbao, usharika, ndugu kutoka Iringa mjini, na kikundi chetu kizima kutoka Mbeya. Watani wa Kingoni walikuja na Gaudensi mbele. Vijana wa siku hizi mnaondoa utani misibani, mnasema ni fujo. Kwetu mtani ana kazi ya kufanya. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anawadai wafiwa waseme kwa nini wanamzika kabla hajamaliza ugali wake. Watu wanacheka ndani ya kilio chao, na kifua kinapata nafasi ya kupumua. Mfiwa hakasiriki. Na ile nguo aliyoivaa mtani, mfiwa anaikomboa kwa kuku, au kwa debe la mahindi, au kwa chochote, nayo inarudi nyumbani. Asipoikomboa ni ya mtani.

Gaudensi alichukua koti la baba la kahawia, lenye kiraka cha kiwiko, na kofia yake. Alikwenda nyuma ya nyumba. Aliporudi, bega la kulia lilikuwa limeshuka.

Nilimtafutia kosa palepale nilipokaa, nikiwa mfiwa mkubwa mwenye mkeka wake. Bega lilikuwa sawasawa. Kikohozi kilikuwa sawasawa. Alipiga goti mara mbili. Vyote hivyo nilivicheza mimi kwa miaka ishirini na mitano, nikijua ni vyangu, na sasa naviona kwa mtu mwingine vimekaa vizuri kuliko kwangu. Mimi nilimfanya baba mzito. Gaudensi alimfanya mwepesi, akatembea katikati ya waombolezaji kama mtu aliyekuja kuwasalimia tu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alifika mlango wa nyumba yetu, akasimama. Akaweka mkono kwenye mwimo. Akafuta kiatu cha kulia, akafuta cha kushoto, ingawa ardhi ilikuwa kavu. Akageuka kuutazama uwanja kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, akainua kidevu kidogo, akatabasamu peke yake, halafu akaingia.

Msiba ulilipuka. Wanawake waliokuwa wakilia waliangukiana kwa kicheko. "Mzee mwenyewe! Rudia hapo mlangoni, mtani! Rudia!" Akarudia mara mbili. Na walipokuwa wakicheka walinitazama mimi, wengine wakininyooshea kidole, nikadhani wanauchekea uso wangu uliovimba.

Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nimeishi kwa kumtazama baba, ndiyo kazi iliyonilisha, na kumbe alikuwa na namna ya kuingia mlangoni ambayo kijiji kizima kiliifahamu, Mngoni wa Mwanjelwa aliifahamu, na mimi mwanawe sikuwahi kuiona. Baba yangu alikuwa hajafika hata kaburini na nilikuwa nimekaa pale naona wivu.

Gaudensi alinijia na lile koti, akapiga magoti kama desturi. "Mtani, mzee wenu ana baridi. Nikomboe."

Mama mdogo alikuwa ameshashika kuku tayari kwa miguu. Nilimwambia amwachie. Nikamwambia Gaudensi, "Kaa nalo."

Hakuna aliyewahi kusikia mfiwa akisema hivyo. Gaudensi alinitazama kidogo, akadhani nimemzidi kwa utani, akacheka na kuvaa koti vizuri. Ndiyo likawa lake, kwa kosa langu mwenyewe, mbele ya mashahidi mia na kuku mmoja.

Miaka michache baadaye ilikuja tamthilia ile mnayoijua, ya watu wa Dar es Salaam waliotaka kurekodi milima yetu. Walitafuta mzee wa kijijini, mgane mcheshi mwenye mabinti wanne. Nilikwenda kujaribiwa Mbeya. Nilijiandaa wiki tatu. Muongozaji alikuwa binti mdogo mwenye adabu zake. Aliniamkia, akanikalisha, akaniomba niinuke nitembee. Nilimtembeza baba yangu pale mbele yake kwa uangalifu wote niliofundishwa, kisha nikaketi.

"Usikasirike mzee wangu," akasema, "unafanya vizuri sana. Ila jana alikuja mzee mwingine, Mzee Gaudensi, naye ana mwendo huuhuu. Sasa ukifanya hivi inakuwa kama unamuiga yeye."

Niliinuka. Nadhani niliinuka kama kijana aliyeitwa na polisi.

Gaudensi akawa Baba Tuma, na Baba Tuma akaingia kila nyumba. Alivaa koti la baba yangu, lenye kiraka kilekile. Kila sehemu ya tamthilia ilimalizika kwa yeye kufika mlangoni, mkono kwenye mwimo, kiatu, kiatu, kutazama nyuma, tabasamu, kuingia. Watoto wa Mafinga waliingia madukani hivyo. Makonda walipanda mabasi hivyo. Siku moja nilikuwa nakohoa kwenye foleni ya dawa, kikohozi cha kweli, dada mmoja akaniambia, "Babu, unamwigiza Baba Tuma vizuri!"

Nilikwenda kumshtakia baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wakati ule. Nilimwambia Gaudensi ameniibia baba. Nilitaka aitwe, asemwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutikisika mabega.

"Umemkasirikia mtani? Nani amekufundisha? Mtani haibi, Lameki. Mtani anachukua, unamkomboa, mnakula. Wewe ulishindwa na kuku mmoja."

Habari hiyo ilienea ukoo mzima, na kwa muda mrefu kila nilipofika kwenye sherehe mtu aliuliza kama nimekuja na kuku. Nami nikaacha kuongea na Gaudensi. Alipopiga simu sikupokea. Tulipokutana kwenye kazi nilimpa salamu ya mkono tu. Yeye aliuchukulia kama utani mrefu, akaniambia Wahehe ndio walivyo, na hilo nalo liliniudhi. Nilikataa kazi mbili kwa sababu alikuwemo. Miaka hiyo nilicheza wabaya wangu vibaya zaidi, na nasikia nilisifiwa.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye tamthilia yake. Walikuja kurekodi Mafinga, kwenye msitu wa misonobari, wakahitaji jirani mzee mwenye maneno matatu. Nilikubali kwa sababu palikuwa karibu na nyumbani na magoti yalikuwa yameshaniaga. Maneno yenyewe yalikuwa "Haya", "Karibu" na "Nimesikia". Niliyasema. Tulimaliza saa nane mchana. Gaudensi, bado na koti mwilini, akanijia.

"Mtani, twende nikamsalimie mama."

"Amelala."

"Tutamwamsha."

"Hajisikii vizuri."

"Basi ndiyo nimwone. Au mnaficha chakula?" Alikuwa ameshaanza kutembea. Anaijua njia.

Mama ana miaka zaidi ya themanini. Alikuwa amekaa sebuleni, anachambua maharage kwenye ungo, televisheni inapiga kelele. Nilitangulia kuingia, nikazima televisheni, nikamwambia mgeni amekuja. Gaudensi alipiga hodi kutoka nje.

"Kamwene, mama! Kuna ugali wa Mngoni?"

"Kamwene, mtani! Pita, pita, kwani unaombaga ruhusa lini?"

Alifika mlangoni akasimama. Akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango wetu, mwimo ambao baba alichana mbao zake mwenyewe. Kiatu cha kulia, cha kushoto. Akatazama nyuma, akainua kidevu, akatabasamu, akaingia.

Mama alicheka mpaka ungo ukainama na maharage yakamwagika. Alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Yesu wangu! Lameki huyo! Lameki wangu mtupu!"

Nilikuwa nimeinama naokota maharage. Nikasema, "Mama, Lameki ni mimi. Huyo anamwiga baba."

"Anamwiga baba yako akikuiga wewe," mama akasema. Alinitazama kama nimemuuliza swali la mtoto. "Kwani hii ya mlangoni unafikiri ni ya nani? Ni wewe hiyo. Ndivyo unavyoingiaga hapa kila Jumamosi, toka ulivyoenda Mbeya. Unasimama, unafuta viatu, unaangalia nyuma kama kuna watu, ndiyo unaingia. Baba yako alikuwaga anasema, huyu mtoto anaingia kwao kama vile watu wanasubiri kupiga makofi."

Nikakaa chini palepale kwenye maharage.

"Alifanya lini?"

"Kila Jumatatu! Basi lako likishaondoka tu. Anamaliza chai, anatoka nje, anasema haya, kaeni vizuri, msanii anaingia. Majirani walikuwaga wanakuja kwa ajili hiyo. Na huyu mtani naye akishuka kwenye basi lake anaanza, mzee, msanii ameshaingia leo? Baba yako anaacha msumeno anaenda mlangoni."

Nilimgeukia Gaudensi. Alikuwa amevua kofia. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Mtani, mimi nilijua unajua," akasema. "Pale msibani, si watu wote walikuwa wanakuangalia wewe? Ulivyosema kaa nalo, nikajua umefurahi kunipa."

"Alikuwa anatoka nje," nikasema. "Filamu zangu zikiwekwa, alikuwa anatoka nje kunoa misumeno."

"Ukiwepo," mama akasema. "Usipokuwepo anazirudiarudia mpaka jirani anadai mkanda wake."

Nikamuuliza mama kwa nini hakuwahi kunionyesha. Hata mara moja. Miaka ishirini na mitano ya Jumamosi, na hakunionyesha hata mara moja. Mama alianza kurudisha maharage kwenye ungo, moja moja.

"Nilimwambia. Nikamwambia mfanyie mwenyewe aone. Akakataa. Alisema mbele ya fundi siwezi, ataniona naharibu kazi."

Kisha nikamwomba Gaudensi atoke nje aingie tena. Nilimwambia asiingie kama Baba Tuma, aingie kama alivyomwona baba akiingia, Jumatatu, kwa majirani. Alielewa. Alitoka. Nilikaa kwenye benchi ambalo nadhani majirani walikalia, nikanyoosha magoti. Aliingia, na safari hii nyuma ya lile tabasamu la kijana anayesubiri makofi nilimwona mzee mwingine, anayejizuia asicheke, anayeogopa kidogo kwamba hajapatia. Nilipiga makofi. Nilipiga mpaka mama akaniambia basi.

Mmeniuliza mtu anajifunzaje kazi hii. Tazama watu, ndivyo nilivyofundishwa. Kwangu mimi ushauri huo una tobo, kwa sababu kuna mtu hutamwona ukiwa umekaa mbele yake, na sijui niwaambie mlizibe vipi.

Gaudensi bado anapita akielekea kwa dada yake. Ninapokea simu zake. Watu wananiuliza kama wivu umeisha, nami nawaambia umezidi. Kuhusu tamthilia sina neno tena, acha ajulikane mpaka Kigoma. Lakini mtu huyu alikaa sebuleni kwetu Jumatatu ngapi sijui, sahani ya ugali mapajani, akamtazama baba yangu akiniiga. Saa ileile mimi nilikuwa kwenye basi la kwanza, nimeshapita Makambako, nimeshusha bega la kulia, nafanya mazoezi ya kumwiga baba.